Kazi kubwa tuikate vipande: neno letu kwa vijana wanaotengeneza programu



Sisi tunaosema hapa tuko na diplome ya informatike, lakini kazi hatuna. Mwaka jana tulikaa chini watu kumi na wawili, tukasema: tusingoje leta. Tutengeneze programu ya kuonyesha ni robine gani ya Goma iko na maji leo na gani imekauka, ili mama asitembee na bidoni bure.

Wazo lilikuwa zuri. Kosa letu njo hili: tulitaka vyote mara moja. Ramani ya mji mzima, bei ya bidoni, lugha nne, malipo kwa telefone. Mmoja alipewa hifadhi ya data, mwingine sura ya programu, mwingine ramani. Miezi saba kila mtu alisema "yangu iko karibu kuisha". Siku ya kuunganisha, hakuna kipande kilichoingia ndani ya kingine. Watu sita wakaacha. Kisha mama mmoja wa Ndosho akatuuliza: "Watoto wangu, ile kitu yenu ya maji iko wapi?" Tulinyamaza.

Hata wenye makuta mingi wanaanguka hapo. FBI ya Marekani ilitaka mfumo mmoja mkubwa wa kutunza mafaili ya kesi, Virtual Case File. Mwaka 2005 waliuacha, kisha kupoteza zaidi ya dola milioni 100. Mradi uliofuata, Sentinel, nao ulichelewa. Mwaka 2010 FBI waliuchukua mikononi mwao, wakaukata vipande vya wiki mbili mbili, kila kipande kiishe na kitu cha kuonyesha. Mwaka 2012 ukaanza kutumika.

Na kuongeza watu si dawa. Fred Brooks aliandika hivyo tangu 1975: mradi wa programu uliochelewa, ukiuongezea watu, unachelewa zaidi. Hesabu wenyewe: watu 6 wako na njia 15 za kuongea wawili wawili, watu 12 wako na 66.

Basi tulifanya aje?

Kwanza, tulikata kazi kwa kumfuata mtumiaji, si kwa kufuata mashine. Kipande cha kwanza: mtu wa Ndosho anatuma mesaji "maji iko" ama "maji hakuna", jirani yake anaisoma. Robine tano tu. Ni kidogo, lakini kinapita njia yote, toka telefone mpaka hifadhi ya data na kurudi.

Pili, kazi inayozidi siku tatu tunaikata tena. "Kuandikisha mtumiaji" ilikuwa kazi moja. Tukaona ni tatu: kupokea namba, kukataa namba mbaya, kutuma kodi ya kuhakikisha. Kila moja iko na mtu mmoja wa kuijibu, na alama ya mwisho iliyoandikwa mbele ya kuanza: inatembea kwenye telefone ya bei ndogo, hata rezo ikiwa mbaya. Kusema "karibu kuisha" tulikataza.

Tatu, tuliandika kipi kinangoja kipi. Kinachozuia vingine kinatangulia. Kisichohitajika sasa kinawekwa pembeni. Malipo kwa telefone bado yako pale pembeni, na hakuna mtu aliyeyauliza.

Wiki ya tatu, yule mama alisoma mesaji mbele ya kutoka nyumbani. Robine tano, si mji mzima. Kazi ya mshahara bado hatuna, na mara mbili tulisimama juu ya kukosa mega. Lakini sasa mwenzetu akiacha, kipande chake kinajulikana, mwingine anakishika.

Vijana wenzetu, tunajua wengi wenu muko na mradi mkubwa uliolala ndani ya ordinatere. Leo jioni mukate kipande kimoja kinachoweza kuisha mbele ya siku ya posho. Mukionyeshe mtu anayekihitaji, si rafiki wa kuwasifu. Akikitumia, mukate cha pili. Akikikataa, mumepoteza siku chache, si miezi saba kama sisi.