"Kazi ya Mungu Haina Makosa": Usemi wa Msibani Mbele ya Maandiko



Katika misiba ya Arusha mjini na ya vijiji vya mlimani Meru, ni nadra msiba kupita bila usemi huu: kazi ya Mungu haina makosa. Husemwa na mtoa rambirambi, na hurudiwa na jirani aliyekosa neno jingine la kumwambia mfiwa. Wengi hudhani ni aya ya Biblia. Sivyo. Ni usemi wa watu, ingawa una ndugu yake katika Kumbukumbu la Torati 32:4, ambapo wimbo wa Musa unaikiri kazi ya Mungu kuwa kamilifu.

Hadi hapo usemi hauna ubaya. Autamkaye kando ya kaburi la bibi aliyeshiba siku hutoa ungamo la imani. Lakini asomaye wimbo ule asifunge kitabu katika aya ya nne, kwa maana aya ya tano inawageukia watu na kuwashtaki kwa upotovu wao. Musa alijua kutenga kazi ya Mungu na kazi ya wanadamu. Msibani hizi mbili hufungwa fundo moja. Kijana agongwapo na dereva mlevi, au mzazi afapo kwa kucheleweshwa kufikishwa hospitalini, usemi ni uleule, na aulizaye baada yake huonekana anabishana na Mungu.

Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule kutoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, na siku mbili baadaye jiji zima lililia katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Bila kumhukumu mtu yeyote, yafaa kusema kwamba mzazi aulizaye habari za breki, mikanda na idadi ya abiria hamkufuru Mungu.

Ushahidi ni Ayubu mwenyewe. Neno lake la kutoa na kutwaa (1:21) hukaririwa kila msiba. Malalamiko yake ya sura nyingi zinazofuata hayasomwi. Nao rafiki zake, waliokuwa na jibu safi kwa kila jeraha, ndio Mungu aliowakasirikia mwishoni (42:7), akisema kuwa Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Wazee wa Meru walilijua jambo hili kwa vitendo. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wapatao 3,000 Ngarenanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu, na nyumba zao zikachomwa moto. Miongoni mwao walikuwamo Walutheri, watu wa sala. Lilikuwa jambo jepesi kuinamisha vichwa na kuyaita yale majaliwa, na yamkini mtawala angefurahi kusikia hivyo. Hawakufanya hivyo. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet New York, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akieleza ni nani aliyetoa amri na ni nani aliyewasha moto. Ardhi haikurudi mwaka ule.