Ratiba Kabla ya Nyasi: Kupanga Uwanja wa Pamoja wa Vijana Kando ya Bahari

Michoro ya bustani za umma zinazopakana na bahari huvutia macho. Kuna njia za kutembea, miti ya kivuli, vibanda vya mihogo na madafu, na pembeni kuna mstatili wa kijani ulioandikwa "uwanja wa vijana". Mstatili huo ndio hupewa maelezo machache kuliko vyote. Hausemi nani atacheza, siku gani, wala ufunguo wa geti utakaa kwa nani. Makala hii inashikilia kwamba maswali hayo yajibiwe kabla mpimaji hajavuta kamba yake, kwa sababu kinachogombewa kwenye uwanja wa pamoja ni saa, na saa zenyewe ni chache mno.

Tuchukue Dar es Salaam. Mwezi Juni jua huzama kama saa 12 na robo jioni. Februari huchelewa hadi kukaribia saa 1. Mchana joto halivumiliki, na wanafunzi wengi bado wako darasani. Kwa hiyo, pasipo taa, siku ya shule ina takriban saa mbili na nusu tu zinazomfaa kijana, kuanzia saa 10 jioni. Kwa siku tano, jumla ni saa 12 na nusu. Ukiongeza asubuhi na jioni za Jumamosi na Jumapili, wiki nzima inafika kama saa 23. Hizo ndizo zinazosubiriwa na akademia za watoto, timu za kata, shule za jirani, wasichana wa netiboli, maveterani wenye mabonanza yao, na watoto wa chandimu wasio na kocha, jezi wala mhuri wa kuandikia barua ya maombi.

Asiyekuwapo na lake halipo. Watoto wa chandimu hawaitwi kwenye vikao vya wadau, na uwanja ukishazungushiwa uzio wao ndio wa kwanza kuondolewa, ilhali ndio walioukanyaga kwanza ulipokuwa vumbi. Wasichana nao huambulia saa zilizobaki. Wakipangiwa saa 8 mchana wanaungua na jua; wakipangiwa mwisho kabisa, giza linawakuta njiani na wazazi wanawakataza kurudi tena. Ratiba inayosema "wote wanakaribishwa" bila kutaja jioni ya wasichana imeshawafungia geti. Pendekezo hapa ni wazi: jioni mbili za katikati ya wiki ziwe zao, na jioni nyingine mbili zibaki huria, bila maombi, kwa mtoto yeyote mwenye mpira.

Mfano wa mbali unaonyesha uzito wa kuliweka jambo hili kwenye maandishi mapema. Pier 40 ni gati kubwa la ekari zipatazo 15 kwenye Mto Hudson, New York. Lilijengwa kwa ajili ya meli za Holland America Line na kufunguliwa mwaka 1963. Sheria iliyoanzisha hifadhi ya Hudson River Park mwaka 1998 ilitaka eneo la wazi linalolingana na nusu ya ukubwa wa gati libaki kwa umma. Tangu 2005 ua wake wa katikati una viwanja vya nyasi bandia, ambako ligi za watoto za besiboli na soka hupeana zamu juu ya zulia lilelile. Maegesho ya magari yanayouzunguka ua huo huchangia sehemu kubwa ya mapato ya hifadhi. Mpango wa kujenga humo kituo kikubwa cha burudani ulipoletwa, wazazi na viongozi wa ligi walijaa mikutanoni kuupinga, na mwaka 2008 ulikwama. Walikuwa na kifungu cha sheria mkononi, na watoto waliokuwa tayari kwenye zamu.

Gati hilo lina somo la pili, nalo ni la gharama. Linasimama juu ya nguzo za chuma kama 3,500, na kutu ilizitafuna miaka nenda rudi. Mwaka 2016 baraza la jiji liliidhinisha haki za ujenzi zisizotumika za gati ziuzwe kwa dola milioni 100 kwa waendelezaji wa jengo la ng'ambo ya barabara, ili fedha zitumike kuzitengeneza nguzo. Kiwanja cha kando ya maji hakimalizi gharama zake siku ya uzinduzi.

Turudi pwani ya kwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufuko, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Vyoo, stoo na majukwaa yawekwe upande wa barabara. Karibu na maji yabaki majani na wavu mrefu wa kuzuia mipira. Urefu wa uwanja uelekezwe kaskazini na kusini, ili kipa asipigwe na jua la jioni usoni. Upepo wa kusi na wa kaskazi hapo utapita kwa urefu, na timu zikibadilishana magoli kila moja itapata zamu yake ya kuukabili. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 unaweza kukatwa kwa upana ukatoa viwanja vidogo viwili au vitatu vya watoto, mradi magoli yawe ya kuhamishika.

Nyasi bandia, kama zile za Jakaya Mrisho Kikwete Youth Park iliyofunguliwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, huvumilia matumizi ya kutwa. Lakini hupata moto mkali juani, na punje za mpira zinazomwagwa juu yake husombwa na mvua. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuziondoa sokoni punje hizo baada ya kipindi cha mpito cha miaka minane. Ufukweni mfereji unaishia baharini, kwa hiyo nyasi asilia za paspalum, zinazostahimili chumvi, zina hoja nzito. Hazipendi kukanyagwa zaidi ya saa 20 hivi kwa wiki, na hapo hesabu ya saa 23 inarudi mezani: ratiba ndiyo itakayoamua aina ya nyasi.

Ufunguo ukae kwa uongozi wa bustani, usikae kwa klabu yoyote. Ada za mabonanza ya watu wazima na sehemu ya kodi ya vibanda ziingie akaunti moja ya chokaa, nyavu, maji na mlinzi, na matumizi yabandikwe getini kila muhula. Sherehe za kitaifa zihesabiwe pia kwenye ratiba, maana bustani za pwani huzivutia: Mama Ngina Waterfront ya Mombasa, mara tu ilipokarabatiwa, ilipokea Mashujaa Day ya 2019.

Na kabla ya zabuni kutangazwa, ratiba ijaribiwe kwa muhula mmoja wa shule juu ya kiwanja kilekile kikiwa bado mchanga, kwa magoli ya miti. Msimamizi aandike kila jioni nani alikuja, walikuwa wangapi, na nani alirudi nyumbani bila kucheza. Daftari hilo ndilo apewe mchoraji.