Mali ya Maskini: Fundisho la Hospitali Yenye Mashamba ya Mizabibu

(Mazungumzo kwa viongozi wa walei, Itetemia, Tabora)



Sote twaijua habari ya Msamaria mwema. Lakini twasahau kwa urahisi kwamba, baada ya kuyatia majeraha mafuta na divai, alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Huruma yake ilikuwa na gharama, naye aliilipa.

Sisi nasi twaishi kando ya njia. Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa Tabora, na pembe za ndovu na watumwa. Mpagazi au mtumwa aliyezidiwa na ugonjwa mara nyingi aliachwa porini, kwa kuwa msafara haukumngoja. Yatupasa kujiuliza: leo ni nani anayeachwa njiani?

Nawaletea mfano wa mbali. Katika mji wa Beaune, Ufaransa, mwaka 1443, Nicolas Rolin, aliyekuwa mkuu wa serikali ya mtawala wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins, walianzisha hospitali ya maskini. Nchi ilikuwa imechoshwa na vita na njaa. Mgonjwa wa kwanza alipokelewa tarehe 1 Januari 1452, na masista wakawahudumia wagonjwa bila malipo.

Rolin hakujenga kuta tu. Aliipa hospitali pato la kila mwaka litokalo katika machimbo ya chumvi. Mwaka 1457 mtu mwingine akatoa mizabibu, na wengi wakafuata kizazi baada ya kizazi. Leo hospitali hiyo ina mashamba ya mizabibu yapatayo hekta 60, na nyumba yake ya kutengenezea divai. Tangu 1859 divai hiyo huuzwa kwa mnada, ambao siku hizi hufanyika mwezi Novemba, na mapato huisaidia hospitali. Wagonjwa walihamishiwa majengo ya kisasa mwaka 1971. Nyumba ya kale ni makumbusho, lakini mizabibu bado inawafanyia kazi wagonjwa.

Hapa tunajifunza mambo matatu.

1. Huruma idumuyo inahitaji shina. Mchango wa Jumapili moja humponya mgonjwa mmoja. Mti uliopandwa kwa ajili ya wagonjwa huzaa hata aliyeupanda akiisha kuzikwa. Dodoma wanazo zabibu. Sisi tunayo misitu ya miombo, mizinga na asali, miembe na majaruba ya mpunga.

2. Sadaka haifuti dhuluma. Yasimuliwa kwamba Mfalme Louis XI alimkejeli Rolin: aliyewafanya wengi kuwa maskini, ilimpasa kuwajengea hospitali. Kama alisema hivyo au la, neno hilo latuhusu. Mwajiri ambaye humpunja kibarua wake mshahara, kisha akatoa mchango mkubwa kanisani, bado ni mdeni wa kibarua yule.

3. Mali iliyotolewa kwa maskini ni mali yao. Kamati ni mtunzaji tu. Mwenye kuficha hesabu amemnyang'anya mgonjwa kitandani mwake.

Ndugu zangu, mwaka 1993 serikali yetu ilianza kuwataka wananchi wachangie gharama za matibabu katika hospitali zake. Sheria na taratibu za msamaha zimewekwa kwa ajili ya wasiojiweza, nasi hatuna budi kuwasaidia jirani zetu kuzijua na kuzidai, maana hiyo ni haki yao. Lakini haki haituondolei wajibu wa upendo. Nauli ya kumfikisha mama mjamzito hospitalini, chakula cha anayemuuguza, dawa isiyopatikana dirishani: hayo ndiyo dinari mbili za leo.

Jumuiya moja ikitenga mizinga kumi kwa ajili ya wagonjwa, na kusoma hesabu yake hadharani kila baada ya mavuno, itakuwa imepanda mzabibu wake.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Nani katika kigango chetu ameshindwa kutibiwa kwa kukosa fedha?
2. Tuna mali gani tunayoweza kuitenga kwa ajili ya wagonjwa?
3. Nani atatunza hesabu, na nani atamkagua?