Shoka na Mpini Wake: Wajibu Wetu kwa Aliyepatwa na Maradhi ya Akili

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na akamwekea riziki yake katika juhudi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mlio hapa msikitini na mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni nyinyi na nafsi yangu kumcha Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri.

Wako miongoni mwetu ndugu waliopatwa na maradhi ya akili. Wengi wao hupata tiba, wakatulia, wakarejea kwa watu wao. Lakini wakifika nyumbani hukuta mlango mwingine umefungwa, nao ni mlango wa kazi. Seremala hakabidhiwi tena randa yake; mshoni harudishiwi cherehani yake. Hulishwa na kuvishwa, kisha huambiwa, "Wewe pumzika." Miaka hupita, naye yungali anapumzika, hali moyo wake unadhoofika.

Sikilizeni kisa alichokipokea Anas bin Malik, kilichomo katika mkusanyo wa Hadithi wa Abu Dawud. Mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume kuomba. Mtume akamwuliza kama hana kitu chochote nyumbani. Akajibu kuwa ana nguo moja na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi kwa dirhamu mbili. Kwa moja akamwamuru awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akate kuni na kuuza, asimwone kwa siku 15. Aliporejea alikuwa amekwisha chuma dirhamu 10.

Zingatieni mwendo huu. Mtume alianza kwa kuuliza kilichopo, hakuanza kwa kuhesabu upungufu. Alimpatia nyenzo, akalitia shoka mpini yeye mwenyewe, na akaweka muda wa kuonana tena. Mtu yule alikuwa na dhiki ya mali, hakuwa mgonjwa wa akili. Lakini njia ya kumwinua aliyeanguka ni hiyo hiyo.

Katika zama zetu iko kazi maalumu inayofanana na mwendo huo. Huko Marekani, katika jimbo la New Hampshire, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Deborah Becker na Robert Drake waliuweka utaratibu ambao baadaye ulienea Uingereza na nchi nyingine. Kabla ya hapo, desturi ilikuwa kumweka mgonjwa muda mrefu katika mafunzo ya pembeni, mpaka aonekane yu tayari. Wao walishika njia nyingine: mgonjwa akitaka kazi, hiyo yatosha kuwa sababu ya kumsaidia. Msaidizi wa ajira humwuliza anapenda kazi gani, huanza upesi kuitafuta pamoja naye, huzungumza na mwajiri kwa idhini yake, na hushauriana na matabibu wake. Kazi ikipatikana, msaidizi hamwachi, bali huendelea kumzuru. Majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali yameonyesha kuwa, kwa wastani, zaidi ya nusu ya waliosaidiwa hivi walipata kazi za kawaida za mshahara, hali kwa njia nyingine walipata kama robo tu.

Huenda mtu akasema, "Kazi itamrudishia maradhi." Kazi isiyomfaa yaweza kumdhuru, na ndiyo sababu ya kuwa na msimamizi. Anayeugua kwa kukosa usingizi asipangiwe zamu ya usiku. Anayefadhaishwa na makelele asipelekwe sokoni. Aanze kwa saa chache, wala asiache dawa zake.

Na liko jambo zito zaidi. Mtu humtuma ndugu huyu kuchota maji na kupasua kuni mchana kutwa, kisha humlipa sahani ya wali, akidai kuwa hajui thamani ya fedha. Hiyo ni dhulma. Sharia imemwondolea aliyepotewa na akili dhima ya ibada mpaka akili imrejee. Haikumwondolea haki yake. Na Mtume ametuamrisha kumlipa mtenda kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Basi, enyi wazazi, mwulizeni mwanenu anataka kufanya nini, kisha mngojeeni ajibu. Enyi wenye maduka na karakana, mpeni nafasi moja, na ujira kamili. Enyi wanafunzi, msimwite kwa jina la maradhi yake, wala msiitangaze siri yake. Na kila aliyemfikisha mwenziwe kazini asiseme amemaliza. Aende tena baada ya siku 15 akamtazame.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape riziki ya halali yenye heshima, na utujaalie kuwa miongoni mwa wanaotia mpini katika mashoka ya ndugu zao. Amin.