Kwa Nini Msichana wa Miaka 10 Achanjwe Dhidi ya Saratani?

Mazungumzo ya afya kwa mabaraza ya wananchi



Swali ambalo wazazi wengi huuliza ni hili: msichana wa miaka 10 ni mzima kabisa, kwa nini achanjwe dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa wa wanawake wazima? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo ndani ya seli za mwili.

Karibu kila seli ya binadamu ina jeni iitwayo TP53. Jeni hii hutoa maagizo ya kutengeneza protini ya p53, iliyogunduliwa mwaka wa 1979. Protini hiyo ni kama askari wa zamu. DNA ya seli ikiharibiwa, tuseme na moshi wa sigara, p53 huizuia seli kugawanyika hadi irekebishwe. Uharibifu ukizidi, huiamuru seli ife. Ndiyo maana TP53 huitwa jeni ya kuzuia uvimbe. Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu, jeni hii hupatikana ikiwa na kasoro. Ndovu, ambao ni nadra kuugua saratani licha ya ukubwa wao, hurithi takriban nakala 20 za jeni hii kutoka kwa kila mzazi. Binadamu hurithi moja tu.

Askari huyu ana mpiga kamsa. Mwaka wa 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua jijini London kwamba seli iliyovamiwa na virusi hutoa kitu kinachozionya seli jirani. Walikiita interferoni. Mwaka wa 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha kwamba interferoni huichochea jeni ya TP53 itoe p53 kwa wingi zaidi. Kamsa hiyo haiui seli. Huongeza askari walio zamu, ili seli ikivamiwa ife kabla haijaeneza virusi.

Sasa tumtazame adui. Virusi vya HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Lakini aina mbili, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Virusi hivi hutengeneza protini iitwayo E6, ambayo huikamata p53 na kuisukuma ikavunjwevunjwe na mitambo ya seli yenyewe. Jeni ni nzima na maagizo yanatoka, lakini kila askari anayefika zamu anaondolewa. Hata kamsa ikipigwa, kituoni hakuna mtu. Seli zenye kasoro huendelea kugawanyika kimyakimya, na baada ya miaka mingi huweza kuwa saratani.

Hilo ndilo jibu la wazazi. Chanjo huufundisha mwili kuvizuia virusi kabla havijaingia kwenye seli. Haiwezi kuvitoa vilivyokwisha kuingia, kwa hivyo hutolewa mapema. Kenya ilianza kuitoa kwa wasichana Oktoba 2019, na hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma.

Kuna uvumi kwamba chanjo hii huleta utasa. Si kweli. Ndani yake mna protini ya ganda la nje la virusi pekee. Hamna E6 wala DNA ya virusi, kwa hivyo haiwezi kumwambukiza mtoto. Kinachoweza kumnyima mwanamke kizazi ni saratani yenyewe, pamoja na upasuaji na mionzi ya kuitibu.

Kwa akina mama, ambao huenda virusi vimewafikia zamani, kinga ni uchunguzi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza uanze katika umri wa miaka 30, au miaka 25 kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi. Seli zenye kasoro zikigunduliwa mapema, huondolewa kabla hazijawa saratani.

Mzazi mwenye shaka asibaki nayo nyumbani. Amwendee mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwake au muuguzi wa zahanati, aulize, kisha ampeleke binti yake.