Mali Bila Daftari: Nasaha Juu ya Nambari za Akaunti Zetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, London



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukusanya leo hapa London, sisi tuliotoka Unguja na Mombasa, Muscat na Dubai, Hamburg na Oslo. Kamati imeniomba niseme machache juu ya michango ya mfuko wetu. Huenda baadhi yenu mkadhani kwamba mzee aliyestaafu utumishi wa serikali hana ila habari za mafaili. Ni kweli, sina nyingine. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, nami ninalo kosa langu mwenyewe la kuwasimulia.

Mwaka 2019 Bi Mkubwa wetu wa Mombasa alihitaji kufanyiwa upasuaji, na kila nyumba ikachanga. Mimi ndimi niliyemwandikia mtoto wa marehemu kaka yangu, aliyeko Hamburg, nambari ya akaunti ya mfuko. Niliiandika usiku, kwa haraka, bila miwani, na tarakimu mbili za mwisho nikazigeuza: ya mbele ikawa nyuma. Benki yake ikaikataa. Kijana akadhani mfuko umefungwa, akaona haya kuniuliza. Mimi nami nikadhani amejitenga nasi, nikaona haya kumkumbusha. Siku kumi na moja zikapita katika kimya hicho. Upasuaji ulifanyika kwa fedha za mkopo, na alhamdulillahi Bi Mkubwa alipona. Lakini jina la kijana yule lilitajwa kwa ubaya katika vikao ambavyo yeye hakuwapo. Leo yumo humu ukumbini. Mwanangu, nakutaka radhi mbele ya wakubwa na wadogo.

Baadaye nilijiuliza: benki ya Hamburg ilijuaje, papo hapo na bila kuuliza London, kwamba nambari ile ni mbovu? Jibu nililolipata ndilo ninalotaka mlichukue nyumbani.

Nambari ya kimataifa ya akaunti ya benki, iitwayo kwa kifupi IBAN, iliwekewa kanuni na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 1997. Huanza kwa herufi mbili za nchi, hufuata tarakimu mbili za hakiki, kisha huja alama za benki na za akaunti yenyewe. Kila nchi ina urefu wake: Uingereza na Ujerumani ni 22, Norway ni 15, Falme za Kiarabu na Oman ni 23. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhesabu kwa kidole. Ikizidi moja au ikipungua moja, usiendelee.

Hatua ya pili ni ya tarakimu za hakiki. Chukueni mfano unaotumiwa sana katika mafunzo: GB82 WEST 1234 5698 7654 32. Alama nne za mwanzo huhamishwa mwisho. Kisha kila herufi hugeuzwa kuwa namba, A ikiwa 10, B 11, na kuendelea hadi Z ambayo ni 35. Hapo hupatikana 3214282912345698765432161182. Gawa kwa 97: nambari iliyo sahihi lazima ibakize 1, na hii hubakiza 1. Sasa geuza ile 32 ya mwisho wa akaunti iwe 23, kosa lile lile nililolifanya mimi. Baki inakuwa 49, na mlango unafungwa. Hesabu hii hunasa kila kosa la tarakimu moja, na kila mara tarakimu mbili zilizo jirani zinapobadilishana nafasi.

Lakini, ndugu zangu, msilale. Hesabu hii hukamata mkono ulioteleza. Haikamati ulimi unaodanganya. Tapeli akikuletea akaunti yake mwenyewe kwa jina langu, nambari yake itabakiza 1 vilevile. Tena sheria ya malipo ya hapa Uingereza ya mwaka 2017 huihesabu benki kuwa imetekeleza malipo ipasavyo ikiwa imefuata nambari uliyoiandika wewe, hata kama si ya mtu uliyemkusudia. Tangu mwaka 2020 mabenki makubwa ya hapa yalianza kulinganisha jina na akaunti kabla ya kulipa, lakini msiutegemee ukaguzi huo kwa fedha zinazovuka mipaka.

Jambo jingine: Kenya, Tanzania na Uganda hazitumii IBAN. Anayekupa IBAN inayoanza na KE au TZ amekosea, au ana lake jambo. Huko huhitajika jina kamili la mwenye akaunti, nambari ya akaunti, tawi, na alama ya kimataifa ya benki, ambayo huwa na herufi na tarakimu 8 au 11. Ndugu zetu wa Muscat nao wakumbuke kwamba Oman ilianza kutumia IBAN mwaka 2024. Karatasi za zamani zenye akaunti zao ziandikwe upya.

Kwa hayo, ninaleta maombi matatu. Kwanza, nambari ya mfuko inakiliwe kutoka karatasi ya benki yenyewe, iandikwe kwa mafungu ya nne nne. Pili, turudishe desturi ya ofisini kwetu zamani: mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kalamu. Nambari ikibadilika, mpigie simu mweka hazina kwa nambari unayoijua tangu zamani, usikie sauti yake. Tatu, na hili ndilo kubwa: mchango usipofika, tuulize kabla ya kudhani. Benki ilinikataza kosa langu mara moja. Sisi kwa sisi tulichukua siku kumi na moja.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe tena kwa heri. Wabillahi tawfiq.