Waonwe Kwanza Nyumbani: Picha za Vijana kwenye Kuta za Masasi na Newala



Naomba tuanzie mwaka 1906. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijazimika sawasawa alipofika Masasi Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alitoka Lindi na msafara wa wapagazi, akakaa hapa kwa muda, akaenda Chingulungulu kwa mzee Matola, kisha akapanda Newala. Alibeba kamera, mashine ya kunasa sauti na nyingine ya kupiga picha za kutembea. Hata hivyo, sehemu ya safari yake inayonivutia mimi ni ile ya penseli na karatasi. Aliwagawia watu, akawaambia wachore watakacho. Pesa Mbili, mmoja wa watu wa msafara wake, alichora. Barnabas, Mmwera wa Lindi aliyekuwa amesoma, alichora. Wengine kadhaa walichora, na mtu akizitazama picha zile leo anaona macho makali ya watu waliojua jinsi mzigo unavyokaa begani.

Karatasi zile zilikwenda Leipzig. Mwaka 1908 baadhi zilichapishwa katika kitabu cha Weule, na mwaka 1909 Alice Werner akakitafsiri kwa Kiingereza, kwa hiyo hata msomaji wa London aliweza kuzitazama akiwa kwake. Hapa zilikochorwa hazikubandikwa popote.

Tangu hapo picha za Kusini zimekuwa na desturi ya kuondoka. Wachongaji wa Kimakonde, wengi wao waliovuka Ruvuma kutoka Mueda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, waliishia Dar es Salaam, na humo ndimo mtindo wa shetani wa Samaki Likankoa ulipopata wanunuzi katika miaka ya 1950. Edward Saidi Tingatinga, jirani yetu wa Tunduru aliyezaliwa 1932, alipaka rangi zake kwenye vipande vya hadibodi huko Msasani, na wateja wake wakubwa walikuwa wageni. Alikufa 1972, na mtindo unaobeba jina lake unatundikwa hotelini duniani kote. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa Kusini mwaka 1934 na kufariki 2005, alifanya kazi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, na kazi zake zimo katika mkusanyo wa Jean Pigozzi ulioko Geneva. Mji huohuo wa Geneva ulikuwa na kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984. Makumbusho ya Barbier-Mueller yalikinunua mwaka uliofuata, na kikarudishwa Tanzania mwezi Mei 2010. Kilirudi Dar es Salaam. Kufika huku kwetu ni safari nyingine.

Simlaumu aliyeuza. Mchongaji ana watoto, na gogo la mpingo haliliwi. Ninachodai ni utaratibu wa nani aone kwanza. Kazi ya kijana wa Masasi au wa Newala ionwe kwanza na watu wa kwao, ukutani, pale wanapopita kila siku wakienda sokoni, hospitali au kwenye mnada, bila kiingilio na bila mtu wa kuwaeleza wanachopaswa kukiona. Ikitoka hapo iende Geneva, hatutaikatalia.

Niwaridhishe kwanza walimu wa jiografia, maana nimewaona wakitazamana nilipoitaja Masasi na Newala kwa pumzi moja. Masasi haiko juu ya uwanda wa Makonde. Iko chini yake, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe kama Mtandi na Mkomaindo. Newala ndiyo iko juu, ukingoni, pale Shimo la Mungu ambapo ardhi inakatika ghafla na macho yanaporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Kwa mchoraji tofauti hii ni kubwa. Masasi ni njia panda: barabara za Lindi na Mtwara, Tunduru, Newala na Mangaka zinakutana hapa, na tangu Daraja la Umoja lilipofunguliwa mwaka 2010, wapo pia wanaoelekea Msumbiji. Picha ya stendi ya Masasi itatazamwa na mtu mwenye mfuko begani na dakika kumi za kusubiri. Picha ya Newala itatazamwa na watu walewale, asubuhi na jioni, mwaka mzima, na wanamjua aliyeichora, wanamjua mama yake, na wanajua kama alimaliza shule. Hiyo ya pili ndiyo hadhira ngumu. Kijana anayetaka kujipima apande mlima.

Sasa nifike kwenye pingamizi ambalo wazee wamekuwa wakiniambia kwa upole, na ambalo waandishi wa miradi ya sanaa hulipita haraka mno. Kwetu, picha si kitu cha kuonwa na kila mtu. Lipiko, kinyago cha ngoma ya Kimakonde, lilikuwa na wenyewe. Asiyeingia jandoni hakuambiwa ni nani aliye ndani ya kinyago. Katika unyago kuna sanamu za udongo na mafunzo ambayo mwari hupewa kwa wakati wake, na Wayao walikuwa na michoro yao ya ardhini iliyofinyangwa, ikaimbiwa, kisha ikafutwa. Picha ilikuwa na msimu, na ilikuwa na mlango. Wazee huniuliza: leo mnataka vijana wapake ukutani, sokoni, jua la saa sita, hata mtoto wa chekechea aone?

Swali hili nalichukua kwa uzito wote. Jibu langu la kwanza ni kwamba Masasi ina historia ya kuzungumza juu ya mambo haya. Misheni ya Kianglikana ilianzishwa hapa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipokuja na watu waliokombolewa utumwani. William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, ndiye anayekumbukwa kwa kuliingiza jando ndani ya Kanisa badala ya kulipiga marufuku. Tunaweza kubishana kama alifanya vema, na katika ukumbi huu naona wapo watakaobishana. Lakini alichofanya kilihitaji kikao: lipi liendelee porini, lipi lije uwanjani, lipi liachwe. Vijana wenye brashi wanahitaji kikao cha namna hiyo kabla ya kufungua kopo la rangi.

Jibu la pili ni kwamba eneo la halali ni pana kuliko wazee wanavyohofia. Hakuna mwiko juu ya mkorosho. Hakuna mwiko juu ya wanawake wa Newala wakipanda mteremko na ndoo za maji, habari ambayo kila nyumba ya uwandani inaijua kwa shingo zake. Nembo zilizochanjwa usoni mwa bibi zetu zilikuwa wazi kwa kila mtu. Waliozibeba walitembea nazo sokoni. Mistari ile ya pembe na mawimbi inazikwa pamoja nao kila mwaka, na sioni mahali bora pa kuiweka kuliko ukutani, ilimradi mjukuu amwombe bibi ruhusa na bibi akubali uso wake utumike. Akikataa, basi. Kuna kuta nyingine na kuna mabibi wengine.

Tena tusijidanganye kwamba kuta zetu ziko tupu, zinasubiri sanaa. Zimejaa. Tembea barabara kuu ya mji wowote wa Kusini uhesabu rangi: duka zima limepakwa nyekundu au bluu ya kampuni ya simu, jirani yake amevaa rangi ya soda, wa tatu amevaa sementi. Mwenye duka amepewa rangi bure, na shukrani yake ni kugeuza nyumba yake kuwa tangazo. Simcheki, rangi ni ghali. Lakini mji ambao kila ukuta wake umechorwa na mtu aliyeketi Dar es Salaam akichagua rangi kwenye kompyuta umeshakubali sanaa ya hadhara. Umeikubali ya wengine.

Na upo mchoro mmoja unaosomwa na watu wote, hata asiyejua herufi: ile X nyekundu ya watu wa barabara kwenye nyumba ya kubomolewa. Hakuna mchoraji wa nchi hii aliyewahi kuwasimamisha watazamaji namna ile. Naitaja kwa sababu ina somo la kazi. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kijana atakayepamba ukuta ulio ndani ya mita hizo amepamba kitu cha kubomolewa. Mpeni futi kamba kwanza, brashi baadaye.

Halafu wapo mafundi rangi. Yule anayechora kichwa chenye denge kwenye mlango wa saluni, anayeandika jina la genge, anayeweka simba nyuma ya bajaji. Huyu hajasoma sanaa na hakuna mtu anayemwita msanii, lakini ndiye mwenye maonyesho ya kudumu katika miji yetu. Anajua ukuta upi unakunywa rangi, anajua kuchanganya chokaa isibanduke, anajua kugawa herufi bila kupima. Nikisikia mradi wa vijana unaanza kwa kumwalika mtaalamu kutoka mbali aje kuwafundisha kupaka ukuta, huku fundi huyu akipita na ngazi yake begani, nakasirika. Kule Kibera, Nairobi, kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa mwaka 2001 na waandika mabango wawili, Otieno Gomba na Otieno Kota. Walianza na vibao vya maduka, na kutoka kwenye vibao wakafika kwenye sanaa inayozungumzwa nje ya Kenya, bila kuhama mtaa wao. Njia ile inapitika hapa pia, kama fundi wa mabango atapewa wanafunzi na wanafunzi wakapewa ukuta.

Kama kuna anayesema watu wa Kusini hawajali picha za ukutani, aende Mtwara, kanisa la Mtakatifu Paulo pale Majengo. Padri Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani, alizijaza kuta zake masimulizi ya Biblia kwa rangi zinazopiga kelele, na kwa miongo kadhaa waumini wamezisoma kuta zile kila Jumapili. Watu hawa ni wasomaji wazoefu wa picha kubwa. Mjini Mtwara pia, tamasha la MaKuYa, lililoanza mwaka 2008 chini ya shirika la ADEA, limewakutanisha wacheza ngoma wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao mbele ya maelfu. Ngoma imepata uwanja wake. Brashi bado.

Nigusie fedha, maana najua mtaniuliza. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 ndani yake ni ya vijana. Wengi watasema wachoraji waende huko. Kwa kikundi kinachouza vibao na fulana, sawa. Kwa picha ya stendi isiyouzwa, mkopo ni mtego: picha haitarejesha kitu, na kijana atakuwa ameupamba mji kwa deni lake mwenyewe. Kazi ya mji ilipwe kama kazi nyingine za mji, kwa mkataba, kama anavyolipwa anayeziba paa la soko. Mkataba huo uandike jina la mchoraji na kipimo cha ukuta, na useme nani ataruhusiwa kuipiga picha kazi hiyo akaiuze kwenye kalenda. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inazilinda kazi za sanaa za kuchora. Fundi wetu hajui, na anayemnyonya anajua.

Muda nao uandikwe. Mimi si mpenzi wa picha za milele. Desturi niliyoitaja ya kufuta mchoro baada ya mafunzo ina busara ambayo watu wa mabango wameisahau: ukuta uliopakwa mara moja ukaachwa miaka ishirini unageuka kuwa uchafu wenye historia. Ukuta ukae na picha misimu miwili, halafu upakwe chokaa, aje mwingine. Hapo hata kijana wa kidato cha pili anajua zamu yake itafika, na mchoro mbaya, maana itakuwepo mibaya, unajua siku yake ya kuondoka.

Kuta za kuanzia ni za maghala ya korosho. Ni ndefu, hazina madirisha mengi, na ni za vyama vya ushirika, yaani za wakulima wenyewe, iwe chini ya MAMCU upande wa Masasi au TANECU kwa Newala na Tandahimba. Kuanzia Oktoba, minada ikifunguliwa, wakulima wanakesha mbele ya kuta hizo na stakabadhi mkononi wakisubiri bei. Hadhira yenye subira kiasi hicho hata Paris hawana. Kazi ifanyike kiangazi, Julai hadi Septemba, kabla gunia la kwanza halijaegemezwa ukutani. Na kule Newala mita moja ya chini iachwe bila picha, ipakwe rangi nyeusi au ya matofali, kwa sababu mvua ya kwanza itarusha udongo mwekundu hadi usawa wa kiuno. Wasichana wapewe nusu ya kuta tangu siku ya kwanza, na ngazi zao wenyewe, wasije wakabaki wa kuchanganya rangi na kuosha brashi. Nimeongea na mabibi wawili wa Newala juu ya nembo. Mmoja amekubali, mwingine anataka kwanza kumwona huyo msichana atakayechora.